Kupiga mkanda wa 120 kwa Yashica-Mat 124G bila kuuunguza

Mkanda wa filamu wa namba 120 hauna kopo. Ule wa 35 mm umefichwa ndani ya chuma, lakini huu umeviringishwa kwenye spuli pamoja na karatasi, na karatasi hiyo ndiyo kinga yake pekee dhidi ya mwanga. Kodak waliutoa mwaka 1901 na mpaka leo uko vilevile. Kwa hiyo anayeanza ajue mapema: mikanda mingi huungua, yaani huharibiwa na mwanga, wakati wa kupakiwa na kutolewa, si wakati wa kupiga.

Kamera tunayoielezea hapa ni Yashica-Mat 124G, ya lenzi mbili, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1970. Lenzi ya juu ni ya kutazamia na ya chini ndiyo inayopiga, 80 mm, f/3.5 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la mwanga: namba ndogo, tundu kubwa). Mkanda mmoja hutoa picha 12 za mraba, kila moja milimita 56 kwa 56. Ukiwa na kamera ya lenzi mbili ya Rolleiflex au Seagull, mengi ya hapa yatakufaa pia.

Kabla hujatoa pesa

Fungua mgongo wa kamera, weka shata (mlango wa mwanga wa lenzi) kwenye B, yaani ibaki wazi ukiibonyeza, ibonyeze na uishikilie, kisha mulika tochi ya simu kupitia lenzi ya chini. Vumbi kidogo halina neno. Unachotafuta ni nyuzi kama za utando wa buibui: huo ni ukungu, na ukanda wa pwani ndiko unakostawi, hasa kamera ikikaa miaka ndani ya mkoba wa ngozi. Ukungu mdogo pembeni unavumilika, uliotanda katikati hupausha picha nzima. Iache.

Shata ipimwe kwa simu. Elekeza lenzi dirishani, rekodi kutoka nyuma ya kamera video ya mwendo wa taratibu ya fremu 240 kwa sekunde, kisha hesabu fremu zenye mwanga. Sekunde 1 itoe fremu kama 240, 1/15 itoe 16, 1/30 itoe 8. Ikiwa 1/15 inatoa 30, grisi ya ndani imekauka na kamera inahitaji fundi wa kuisafisha. Kasi za taratibu ndizo hukwama kwanza, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha 1/125 tu, mwombe na sekunde moja.

Kipima mwanga cha kamera hii hujiwasha ukifungua kofia ya juu. Kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka alkalaini ya volti 1.5, kitakudanganya. Betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, ya volti 1.4, inakaribia zaidi, ila ni ndogo na inahitaji pete ya kuizuia isicheze. Kusema kweli, programu ya kupimia mwanga kwenye simu inatosha, na kipima mwanga kilichokufa kisikuzuie kununua kamera nzima. Kitumie kuombea bei ishuke.

Mwisho, gusa sponji nyeusi za kuzuia mwanga za kwenye bawaba za mgongo. Zikinata kidoleni kama lami, zimeoza. Kwangua, safisha kwa spiriti, bandika mpya.

Kupakia

Kaa kivulini au ndani, usiwe juani. Kama mkanda umetoka kwenye friji, uache saa moja au mbili ndani ya pakiti yake kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya filamu.

Angalia kwanza bamba la kukandamizia filamu lililo ndani ya mgongo. Lina nafasi mbili, 12 na 24. Mkanda wa 120 ni 12. Nafasi ya 24 ni ya mkanda wa 220, ambao siku hizi ni nadra, na hauna karatasi nyuma ya filamu, kwa hiyo ukikosea hapo umbali wa filamu na lenzi unabadilika.

Spuli tupu ihamie juu. Mkanda mpya ukae chini. Kata kile kikaratasi cha kufungia na ukitoe chote, maana kipande kikibaki kinaweza kuingia mbele ya filamu. Vuta karatasi kwenda juu, upande mweusi ukitazama lenzi, chomeka ncha yake kwenye mwanya wa spuli ya juu, halafu zungusha mkono wa kamera wa pembeni polepole. Hapa ndipo penye siri: kidole gumba cha mkono mwingine kikandamize mkanda wa chini kidogo muda wote, ili karatasi ijiviringishe kwa kukaza na iende sambamba na kingo za spuli. Ikilegea au ikienda upande, mkanda utatoka mnene kama tumbo na mwanga utapenya pembeni. Mshale wa kwenye karatasi ukifika kwenye alama ya kuanzia ya kamera, simama. Funga mgongo, endelea kuzungusha hadi mkono ugome wenyewe na namba 1 itokee.

Kila baada ya picha: mkono mbele hadi ugome, kisha nyuma hadi ugome. Ukiutumia nusu nusu, picha zitapandiana.

Kupiga

Kwenye kioo cha juu, kushoto huonekana kulia. Mtu akitoka nje ya fremu, mkono wako utataka kuisogeza kamera kinyume, na mwanzoni utakuwa unampoteza. Zoea kwanza bila mkanda. Kwa kulenga, inua ile lenzi ndogo ya kukuzia, jicho lisogee karibu kabisa. Kwa picha za watu lenga jicho, si pua, hasa ukiwa kwenye f/3.5 au f/4.

Umbali mdogo kabisa ni kama mita 1, na hapo lenzi mbili hazioni kitu kilekile. Ukishalenga, inua kamera sentimita 4 hadi 5 kabla ya kubonyeza, la sivyo utamkata mtu kichwa.

Kwa mwanga: jua kali, f/16 na kasi inayokaribia sekunde 1 gawa kwa namba ya ISO (wepesi wa filamu kushika mwanga). Filamu ya Ilford HP5 Plus ya ISO 400 ni 1/500 kwa f/16, na Fomapan 100 ni 1/125. Kivulini fungua hadi f/5.6 au f/4 kwa kasi ileile. Ukisita kati ya vipimo viwili, chagua kinachoipa negativu (picha iliyo kwenye filamu) mwanga zaidi, kwa sababu kivuli kisichopata mwanga hakina cha kukiokoa baadaye.

Ukitaka 1/500, ichague kabla ya kukokoa shata (kuiandaa kufyatuka), si baada. Kasi hiyo hutumia springi ya ziada, na kuilazimisha ikiwa imeshakokolewa ni njia ya kuivunja. Kipima muda cha kujipiga mwenyewe nacho usikiguse kwenye kamera ya umri huu. Kikikwama katikati kinakwamisha shata nzima.

Baada ya picha ya 12, endelea kuzungusha hadi usikie mkono umekuwa mwepesi, ongeza mizunguko michache, kisha fungua kivulini. Kaza, kunja ncha, lamba gundi, bandika. Uwanja wa ndege omba mkanda ukaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za ukaguzi za CT huunguza filamu.

Kusafisha filamu nyumbani

Tangi la Paterson (chombo cha kusafishia filamu kisichopitisha mwanga) huhitaji mililita 500 kwa mkanda mmoja wa 120. Rili, yaani gurudumu la kuviringishia filamu ndani ya tangi, iwe kavu kabisa na mikono isitoke jasho. Filamu ya 120 ni pana na laini, ikishika unyevu inagoma kuingia, ukiisukuma inajikunja na kuacha alama ya hilali kwenye picha. Ikigoma, itoe, uifunge ndani ya tangi, pumzika, anza upya.

HP5 Plus kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa na maji 1+1 ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa hayafiki huko yenyewe. Weka chupa ya dawa kwenye beseni la maji ya barafu, au safisha kwa nyuzi 24 na upunguze muda kwa takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi inayozidi, yaani karibu dakika 8 na nusu. Geuza tangi mara 4 katika sekunde 10 za kwanza za kila dakika, na uligonge mezani viputo vitoke. Kisha suuza, weka fiksa (dawa ya kuidumisha picha) 1+4 dakika 3 hadi 5, osha, na uanike pasipo vumbi, kibanio kizito chini.

Mkanda ukitoka vibaya

Tazama maandishi ya kiwandani kwenye kingo. Yakiwepo lakini fremu ziko wazi, dawa imefanya kazi na kosa liko kwenye kamera: shata haikufunguka, au kifuniko cha lenzi kilibaki. Yakikosekana nayo, dawa ilikuwa imekufa au fiksa ilitangulia. Weusi unaoingia kutoka kingo zote mbili ni mkanda uliolegea. Mstari mweusi unaorudi mahali palepale fremu baada ya fremu ni sponji ya mgongo. Na ukiwa mweusi wote mpaka kwenye maandishi, mkanda uliona mwanga nje ya kamera, mara nyingi kwenye tangi lililofungwa bila ule mrija wa katikati.