Pima kwanza: mwarobaini utazuia asidi isile stenlesi yako?

Maji ya visima vya Mombasa hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakafika kwenye boila yamebeba chokaa. Ukoko ukishika, fundi hukimbilia asidi ya haidrokloriki. Ukoko utatoka, lakini kloridi ya asidi hiyo huvunja utando mwembamba wa oksidi ya kromi unaoikinga stenlesi. Majani ya mwarobaini yana molekuli zenye oksijeni na naitrojeni zinazojibandika kwenye chuma na kuizuia asidi. Kwa kiasi gani? Kipimo ndicho kitakachosema.

1. Kata vipande sita vya stenlesi 304, sentimita 2 kwa 5, na toboa tundu juu. Sugua kwa msasa namba 120, kisha 400, kisha 600. Osha kwa sabuni, suuza kwa spiriti, kausha, pima. Mizani isome hadi gramu 0.0001, ya dukani haitaona kitu.

2. Kausha majani kivulini, yasage, chemsha gramu 10 polepole katika mililita 200 za maji ya betri (maji yaliyosafishwa, si asidi ya betri), chuja. Maji ya kisima usiyatie hapa wala kwenye asidi ya hatua ya 3, chokaa yake hula asidi. Kausha mililita 10 za mchujo huo na upime kilichobaki, ndipo utajua unatia gramu ngapi kwa lita.

3. Vaa glavu na miwani, ukae penye upepo. Mimina mililita 83 za asidi ya asilimia 37 ndani ya maji, ongeza maji hadi lita moja. Asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume chake! Na jiki isikaribie: zikikutana hutoa gesi ya klorini.

4. Gawa asidi vyombo viwili vya kioo, kimoja tia mchujo wa gramu 1 kwa lita. Ning'iniza vipande vitatu kila chombo kwa mshipi wa nailoni, saa 24, kwenye joto lile lile la kazi yako. Joto likipanda, vizuizi vingi hulegea.

5. Piga brashi laini, suuza, kausha, pima. Ikiwa bila mwarobaini umepoteza miligramu 40 na kwa mwarobaini 8, toa 8 kwenye 40, gawa kwa 40: mwarobaini umezuia asilimia 80 ya ulaji.

Usishangilie bado. Angalia kwa lenzi. Uzito unaweza kupungua kidogo tu na bado kukawa na vishimo, na tangi hutobolewa na vishimo hivyo. Ukiviona, haidrokloriki isiingie kwenye boila hata kwa mwarobaini. Tumia asidi ya sitriki, ingawa itachukua muda zaidi.