Kuziba kisima Dodoma: simenti, bentonaiti na usalama wa maji ya ardhini

Dodoma hunywa maji ya ardhini, hasa ya bonde la Makutupora, na vyoo vya shimo bado ni vingi mitaani. Nafasi inayobaki kati ya bomba la kisima na ukuta wa shimo, isipozibwa, huwa mfereji wa kushusha uchafu hadi kwenye maji. Kurudishia udongo uliochimbwa si kuziba.

Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, hutuna ikilowa, na chini ya usawa wa maji hufanya kazi nzuri. Tatizo ni mita za juu, ambazo huku kwetu ni kavu: bentonaiti tupu husinyaa humo na kupasuka. Huko juu tumia simenti. Na usikoroge bentonaiti kwa maji ya chumvi, haitatuna inavyotakiwa.

Piga hesabu kabla ya kununua. Shimo la inchi 10 lenye bomba la milimita 160 huhitaji lita 31 hivi za rojo, yaani simenti iliyokorogwa kwa maji, kwa kila mita. Mita 20 ni kama lita 610. Mfuko wa simenti wa kilo 50 kwa lita 23 za maji hutoa rojo lita 39, kwa hiyo ni mifuko 16. Peleka 20, maana mwamba wa granaiti wenye nyufa humeza rojo. Usikadirie maji kwa macho: pima jagi la lita moja la rojo kwenye mizani, lisome karibu kilo 1.9. Likiwa jepesi, maji yamezidi, na simenti itajitenga na kuacha mianya.

Juu ya kokoto za kuchujia maji, zilizozunguka bomba chini, weka kwanza mchanga laini, nusu mita hadi mita moja, rojo lisizame kwenye kokoto. Jaza maji ndani ya bomba la plastiki. Simenti hutoa joto na uzito wake unaweza kulibonyeza. Kisha shusha bomba jembamba la inchi moja hadi chini na usukume rojo kwa pampu, ncha yake ikibaki ndani ya rojo muda wote huku ukilivuta bomba hilo juu taratibu. Ukimimina kutoka juu, rojo hukwama njiani na kuacha matundu usiyoyaona. Acha saa 24 bila kutikisa, kisha ongeza pale liliposhuka.