Kuchagua hedifoni za kumiksi ukiwa na chumba kimoja

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsindikiza prodyuza mmoja kijana wa Morogoro, anayetengeneza singeli kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, chumbani kwake, aliyekuja Dar na laptop yake kutafuta "hedifoni kali". Tatizo lilianzia kwenye hilo neno kali. Hedifoni tamu kusikiliza mara nyingi zimejazwa besi kiwandani. Wewe unasikia besi imezidi, unaipunguza kwenye miksi (pale unaposawazisha sauti zote za wimbo), halafu wimbo ukipigwa kwenye bajaji yanasikika mabati matupu. Tafuta zinazoisema miksi yako ilivyo, hata kama zinakera.

Hatua ya 1: Jiulize kama unahitaji hedifoni au spika

Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kuta za tofali? Hedifoni. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita tatu, sauti nzito ya hezi 57 hivi (mitetemo 57 kwa sekunde) hurundikana, na huko ndiko kiki, yaani ngoma nzito ya biti, za nyimbo nyingi zinakokaa. Ukikaa katikati ya chumba kiki inafifia, ukisogea ukutani inanguruma, na utaipandisha na kuishusha mpaka alfajiri. Spika za bei mbaya hazitibu hilo. Spika utanunua ukipata chumba.

Hatua ya 2: Zilizofungwa au zenye mgongo wazi

Zenye mgongo wazi hupumua: sauti inatoka nje, na unasikia vizuri zaidi vyombo vimepangwaje kushoto, katikati na kulia. Kwa kumiksi tu, mimi ni mtu wa Sennheiser HD 600, iliyoanza kuuzwa 1997 na bado inatengenezwa. Ina udhaifu wake: besi ya chini kabisa inanywea, kwa hiyo mtu wa amapiano ataikosea log drum, ile besi nzito ya muziki huo, asipokuwa makini.

Ila feni ya chumbani, jenereta la jirani na watoto uani vyote vinaingia. Na ukirekodi vokali, biti inavuja kutoka kwenye hedifoni mpaka kwenye maiki. Kama una hela ya pea moja tu na unarekodi watu, nunua zilizofungwa, usibishane na nafsi yako. Sony MDR-7506 zipo tangu 1991, kwa muda mrefu Marekani ziliuzwa takriban dola 100, na trebo yake, yaani sauti za juu, inachoma kiasi cha kukuonyesha kila "s" iliyokwaruza. Watu wengi hawazipendi kwa sababu hiyo. Mimi nazipenda kwa sababu hiyohiyo.

Bluetooth sahau. Sauti inachelewa, ukigonga pedi unaisikia baadaye, na kwa mwendo wa singeli hiyo ni balaa. Za kuchezea gemu nazo waachie wacheza gemu.

Hatua ya 3: Soma omu kabla hujatoa hela

Omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyoupinga umeme. Beyerdynamic DT 770 Pro zinauzwa za omu 32, 80 na 250, na kwa macho ni ndugu. Kupata milliwati moja, ya omu 250 inadai nusu volti. Ya omu 32 inatosheka na volti 0.18 hivi. Ukichomeka ya 250 kwenye simu au laptop ya kawaida utaisikia kama inaongea kutoka chumba cha pili, na utadhani mbovu. Kama una saundi kadi (kifaa cha nje cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta) yenye nguvu ya kutosha, chukua unayotaka. Kama huna, baki chini ya omu 80. Muuzaji akikwambia omu nyingi ndiyo ubora, mshukuru uondoke.

Hatua ya 4: Zijaribu, na hapa usiwe na haraka

Hapa palitula jioni nzima. Kijana wangu alikuwa na pea mbili mezani, zote kupitia laptop yake, na zote zikatoa besi ileile nene kama uji. Tukabadilisha nyimbo, tukabadilisha waya, tukaanza kubishana kama masikio yamechoka. Kumbe Windows ilikuwa inapika sauti yenyewe. Fungua mipangilio ya sauti, bonyeza kifaa unachotumia, tafuta palipoandikwa Audio enhancements, zima kila kitu. Kisha angalia kama kampuni ya laptop imeweka programu yake ya sauti, maana mara nyingi ipo, ina jina la kuvutia, na inajiwasha upya baada ya kusasishwa. Zima na hiyo. Simu nyingi nazo zina kitu hichohicho kwenye mipangilio ya sauti, na simu ndiyo watu wanayokwenda nayo dukani. Ukitumia saundi kadi kwa njia ya ASIO, inayopitisha sauti moja kwa moja bila kupitia Windows, kwa kawaida mambo haya yanarukwa yote. Ndiyo maana hedifoni zinaweza kusikika tofauti ndani ya FL Studio na kwenye kivinjari, na mtu akaanza kuzilaumu.

Wimbo wa kujaribia uwe unaoujua kichwani mpaka pumzi za mwimbaji. Usitumie biti yako mwenyewe, masikio yako yameshaizoea na makosa yake. Usitumie pia wimbo uliotumiwa WhatsApp kama sauti, unaweza kuwa umeshabanwa. Mwambie aliyekutumia autume kama dokyumenti. WAV ni bora, MP3 ya 320 inatosha.

Halafu toni. Kwenye Audacity, programu ya sauti ambayo ni bure, tengeneza toni tupu za sine (mlio mmoja laini): hezi 100, 80, 60, 50, 40 na 30, sekunde tano kila moja, zote kwa kiwango kilekile. Sikiliza kwa sauti ya wastani. Kadiri unavyoshuka, toni itaonekana kupungua, na hiyo ni kawaida ya sikio la binadamu. Ushukaji uwe kama ngazi. Hezi 60 ikiruka juu kuliko 80, hapo pameongezwa. Ikifika 50 ikakatika ghafla, au ikaanza kutetemeka na kutoa mlio wa karatasi, rudisha dukani.

Kabla hujahukumu besi, hakikisha sponji zimeziba sikio sawasawa. Miwani, rasta nene, kilemba, hijabu: vyote huacha upenyo, na kwenye hedifoni zilizofungwa besi huvujia hapo hapo. Inua kidogo mkono wa miwani huku toni ya 50 inalia, utaelewa. Kama unavaa miwani kila siku, jaribu ukiwa umeivaa.

Kisha weka vokali moja kwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Inatakiwa ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea kulia, geuza hedifoni, ya kulia ije kushoto. Egemeo likihama, kosa ni la hedifoni au chanzo. Lisipohama, ni sikio lako au nywele zako. Ni kipimo cha dakika moja, na wauzaji wengi hawajawahi kuona mtu akikifanya, kwa hiyo utatazamwa.

La mwisho hapa: ukilinganisha pea mbili, sawazisha ukubwa wa sauti. Yenye sauti kubwa kidogo itashinda kila mara, hata kama ni mbovu, na pea mbili kwenye tundu moja ni nadra kupiga sauti sawa. Tumia vokali kupimia, usitumie kiki, kwa sababu kiki ndiyo inayotofautiana.

Hatua ya 5: Feki

Zinazojulikana ndizo zinazofojiwa, Sony 7506 na Audio-Technica ATH-M50x zikiwemo. Nenda na picha za tovuti ya kampuni yenyewe. 7506 halisi ina waya wa kujiviringisha usiochomoka. Ukikuta wa kuchomoka, ama imefanyiwa ufundi ama si yenyewe. M50x halisi waya wake unachomoka na kujifunga kwa kuzungusha. Maandishi yakifutika kwa kidole chenye jasho, umeshajibiwa. Na kama bei ni robo ya bei ya Marekani ilhali mzigo umepita bandarini, piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 6: Zizoee

Wiki mbili za mwanzo sikiliza nazo kila kitu: taarabu, taarifa ya habari, mahubiri. Masikio yajue sauti ya mtu ya kawaida ikoje ndani yake. Programu za kurekebisha hedifoni achana nazo kwa sasa. Nyingine, kama Equalizer APO, hazigusi kabisa sauti inayopita ASIO, kwa hiyo utakuwa unajidanganya unaposikia tofauti.

Volyumu: desibeli 85 kwa saa nane ndiyo kikomo kinachopendekezwa kwa wafanyakazi, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Miksi ikisikika vizuri kwa sauti ya chini, ikipandishwa haitakuangusha.

Kwa joto la Pwani, sponji za ngozi bandia huanza kumenyuka mapema na kukuachia unga mweusi masikioni. Za kitambaa laini, kama zile za DT 770 za omu 80 na 250, hudumu zaidi ila zinakunywa jasho. Zivue, zifue kwa mkono, zianike mpaka zikauke kabisa. Zikichakaa nunua za kampuni ileile. Sponji nene za bei chee hulisogeza sikio mbali, besi inabadilika, na yale mazoea ya wiki mbili unayaanza upya.