Ipeleke juani kabla hujalipa
Wanaohariri picha na video nje ya ofisi, sikilizeni: ukinunua kompyuta mpakato Kariakoo, mwombe muuzaji mtoke nayo hadi barazani, jua la saa saba, uiwashe hapo. Dukani kila kioo kinang'aa. Nje, kioo cha niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) kitakuonyesha sura yako tu. Tafuta cha 400 kwenda juu, kisichoakisi mwanga. Kisha chomoa chaja ufungue kazi nzito, maana kadi nyingi za michoro, yaani zile zinazochakata picha na video, hupunguza nguvu zikitegemea betri. Feni ikianza kuvuma, papasa kompyuta kwa chini uone inavyopata joto. Joto la Dar halina simile. Mimi kompyuta ya rangi nyeusi sinunui tena, ilishaniunguza mapaja Coco Beach.