SOMO: Namna ya kufika Skellig Michael, kisiwa cha wamonaki huko Ayalandi

Ndugu zangu, hasa mlioko Ulaya, leo tuzungumzie Skellig Michael. Ni jabali lililochomoza baharini, kama kilomita 12 kutoka pwani ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Siku hizi hakuna mkazi, lakini zamani wamonaki Wakristo waliishi juu yake kwa karne kadhaa, na vibanda vyao vya mawe vimesimama hadi leo. UNESCO ilikiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1996. Nawasihi mwende, ila mjue kwamba mwenye kauli ya mwisho kule ni bahari.

Hatua ya 1: Kata tiketi mapema. Msimu wa kushuka kisiwani ni katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba. Boti zenye kibali ni 15, kila moja abiria 12, yaani watu 180 tu kwa siku. Nafasi huisha miezi kadhaa kabla. Soma vizuri unacholipia, maana zipo boti za bei nafuu zinazozunguka kisiwa bila kushusha mtu. Orodha ya zenye kibali hutolewa na OPW, idara ya serikali inayokisimamia.

Hatua ya 2: Tenga siku za akiba. Boti nyingi huondokea Portmagee, kijiji cha pwani ya Kerry. Kutoka Dublin unapanda treni hadi Killarney, halafu gari la kukodi; waliozoea barabara za Kenya na Tanzania hawatababaika, kule nako wanaendesha kushoto. Lala Portmagee usiku wa kuamkia safari, na usikate tiketi ya ndege ya kesho yake. Jua linaweza kuwaka kijijini na safari bado ikafutwa, kwa sababu mawimbi yanapiga gati la kisiwani. Nahodha akisema leo haiwezekani, usibishane naye.

Hatua ya 3: Mizigo. Viatu vyenye soli inayoshika, koti la mvua, maji na chakula. Vyote kwenye begi la mgongoni, mikono ibaki huru. Kama huwa unalewa bahari, meza dawa kabla ya kupanda boti. Mwendo ni karibu saa nzima, na hapo kati pana mawimbi.

Hatua ya 4: Ngazi. Hapa ndipo pa kuwa makini. Ni vidato 618 vya mawe yaliyopangwa na wamonaki wenyewe, havilingani kimo na karibu kote hakuna kitu cha kushikilia. Mwaka 2009 watalii wawili walianguka wakafa, kila mmoja kwa wakati wake. Waongozaji watawapa maelekezo chini kabla ya kupanda; wasikilize hadi mwisho. Panda polepole, na ukitaka kupiga picha, simama kwanza. Kushuka kunatisha zaidi kuliko kupanda, hivyo usiyamalize magoti juu.

Hatua ya 5: Kwenye monasteri. Muda wa kisiwani ni kama saa mbili na nusu, na ngazi zinakula sehemu yake. Kwa hiyo ukifika, usianze na mandhari. Sogea karibu na kibanda kimoja ukitazame ukuta. Kwa nje ni cha mviringo kama nyumba ya msonge. Ingia ndani, utakuta chumba cha pembe nne. Hakuna saruji wala udongo wa kuunganishia. Kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, hadi pande zote zinakutana juu. Mawe yenyewe yameinamishwa kuelekea nje ili mvua iteleze isiingie. Vibanda vya namna hiyo vipo sita, pamoja na vikanisa viwili, mabaki ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli na makaburi. Maji waliyakinga ya mvua. Kumbukumbu za kale zinasema mwaka 824 Waviking walimteka Etgal wa Skellig, akafa kwa njaa. Wenzake waliendelea kukaa hapo hadi karne ya 12 au 13, ndipo wakahamia Ballinskelligs, kwenye pwani ya Kerry. Tafadhali, usikalie kuta wala kuhamisha jiwe hata dogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina viza ya Schengen. Inatosha?
Jibu: Haitoshi, kaka. Ayalandi haimo Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaomba viza ya Ayalandi yenyewe.

Swali: Naomba kuuliza, choo kipo?
Jibu: Hakuna, dada. Jisaidie bandarini kabla ya kuondoka, na asubuhi hiyo punguza chai.

Swali: Tuna mtoto wa miaka saba, na mama yangu ana kizunguzungu. Twende nao?
Jibu: Kisiwani hapana. Wapandishe boti za kuzunguka. Watakiona kisiwa kutoka chini, halafu watapitia Little Skellig, jabali la jirani lililojaa maelfu ya ndege weupe wa baharini hadi linaonekana limepakwa chokaa. Shikamoo kwa mama.

Swali: Mwezi upi mzuri kuwaona wale ndege wenye midomo ya rangi?
Jibu: Hao ni pafini. Nenda Juni au Julai, mwanzoni mwa Agosti wanaondoka. Wanataga kwenye mashimo ardhini, kwa hiyo usitoke nje ya njia, utawabomolea viota.