Unapiga endingidi au endere? Hivi ndo unaanza vyombo vya muziki vya jadi vya Uchina, Korea na Japani

Siku hizi watu Kampala wanatazama tamthilia za Kikorea na Kichina mpaka usiku wa manane, wanasikia kile chombo kinacholia kama mtu aliyefiwa, kesho yake wameshaingia mtandaoni kuuliza bei. Subiri kidogo ndugu yangu. Chombo usikichague kwa sababu ya video, chagua kwa kuangalia mikono yako au mdomo wako unajua nini tayari, maana hapa Uganda tuna vyombo ambavyo vinafanana sana na vya kule na mtu aliyevizoea anaruka darasa la kwanza lote.

Kama unapiga endingidi, ile fidla yetu ya uzi mmoja, nenda kwa erhu ya Uchina au haegeum ya Korea. Kama unapuliza endere, filimbi yetu, nenda kwa danso ya Korea, xiao ya Uchina au shakuhachi ya Japani. Wa adungu na ennanga, vinubi vyetu, wanaenda guzheng ya Uchina, gayageum ya Korea au koto ya Japani, ila huko undugu ni mdogo kuliko unavyodhani, nitafika.

Tuanze na erhu kwa sababu ndo wengi wanaitaka. Ina nyuzi mbili, kisanduku kidogo cha mbao kilichofunikwa ngozi ya chatu, shingo ndefu, na haina ubao wa kukandamizia vidole. Hapo mpiga endingidi anacheka tu, kwa sababu ameshazoea kugusa uzi hewani bila kuusukuma mpaka kwenye mti, na sikio lake ndo linamwambia kidole kikae wapi. Wale waliotoka kwenye gitaa wanateseka hapa, wanabana uzi kwa nguvu na sauti inapanda juu ya noti. Gusa tu.

Kitu kipya kwako ni upinde. Wa endingidi unautoa na kuurudisha unavyotaka, ila wa erhu nywele zake zimepita katikati ya nyuzi mbili na hautoki. Unakaa kwenye kiti, kisanduku juu ya paja la kushoto karibu na kiuno, upinde unaushika kiganja kikiangalia juu. Ukitaka uzi wa nje unausukuma upinde mbele kidogo, ukitaka wa ndani, kidole cha kati na cha pete vinavuta nywele kuja kwako. Wiki za mwanzo fanya hicho tu, uzi mtupu, upinde mrefu taratibu kutoka mwisho mpaka mwisho, uzi wa ndani, wa nje, wa ndani, bila kidole hata kimoja cha mkono wa kushoto. Inachosha na majirani watalalamika, lakini ukikimbilia wimbo kabla mkono wa kulia haujatulia utakwaruza miaka yote. Nywele zikiteleza bila kutoa sauti ujue hazina rozini (utomvu mkavu wa kupaka upinde), paka.

Kutyuni: uzi wa ndani ni D, wa nje ni A, pakua programu yoyote ya kutyuni kwenye simu. Zungusha kigingi polepole, nyuzi za siku hizi ni za chuma na ukizidisha zinakatika (zamani zilikuwa za hariri). Kile kikamba kinachofunga nyuzi kwenye shingo usikiguse, ndo kinaamua urefu wa nyuzi. Chini ya kidaraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, kuwe na kipande kidogo cha kitambaa kizito, bila hicho sauti inakuwa kali mno.

Sasa ngozi. Sisi ngoma ikilegea tunaianika juani au tunaisogeza karibu na moto, hiyo kwa erhu sahau kabisa. Ngozi ya chatu ni nyembamba, inapasuka. Kampala na Entebbe hewa ina unyevu kwa hiyo ngozi inalegea kidogo na sauti inakuwa nzito, vumilia tu, iweke ndani ya sanduku lake mbali na dirisha, na ukimaliza kupiga sogeza kidaraja juu kikae pembeni kwenye mbao ili ngozi isibonyee. Halafu kabla hujaagiza ujue kwamba chatu wapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama wanaolindwa, mzigo bila karatasi unaweza kuzuiwa njiani. Njia rahisi ni kuagiza yenye ngozi ya bandia, orkesta ya vyombo vya Kichina ya Hong Kong imetengeneza za namna hiyo na inazipiga jukwaani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni za watoto.

Haegeum ya Korea nayo ina nyuzi mbili na upinde umenaswa katikati vilevile, ila kisanduku chake kimezibwa kwa ubao badala ya ngozi, nyuzi ni za hariri, na sauti inatokea kama puani. Mimi naipenda zaidi kwa kweli, kwa sababu ya ule ukali wake iko karibu na endingidi kuliko erhu ilivyo karibu. Bei na upatikanaji ndo tatizo. Kokyu ya Japani iache kwanza, ina nyuzi tatu au nne na upinde wake uko nje.

Haya, wa endere. Nyinyi mna bahati maana hamhitaji kununua chombo, mnaweza kujitengenezea. Endere inapulizwa kwenye mwanya uliochongwa juu, na shakuhachi, xiao na danso zote ni kanuni hiyohiyo, pumzi inapasuliwa na ukingo. Shakuhachi ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 54.5 na matundu matano, manne mbele na moja nyuma la kidole gumba. Ya mianzi inayotengenezwa na fundi ni ghali kweli, kwa hiyo fanya hivi: nenda duka la hadwea, nunua paipu ya plastiki ambayo tundu lake la ndani ni kama milimita 20, kata sentimita 54.5. Upande mmoja wa juu, kwa nje, piga tupa kwa mshazari mpaka ukingo uwe mwembamba, upana wa kama sentimita moja na nusu, kisha ulainishe kwa msasa. Upande wa pili wa tundu hilohilo, unaokaa kwenye kidevu, uuviringishe usikukate. Usitoboe matundu bado! Paipu hiyo tupu inatoa noti moja ya chini inayokaribia D, Wajapani wanaiita ro, na wanafunzi wao wanaipuliza hiyo moja kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Weka paipu kwenye kidevu, mdomo wa chini ufunike sehemu ya tundu, puliza uzi mwembamba wa hewa kuelekea ukingoni. Ukiinamisha kichwa noti inashuka, ukiinua inapanda, na ndani ya huo mwendo wa kichwa ndo kuna nusu ya muziki wa shakuhachi.

Noti ikishatulia ndo utafute vipimo vya matundu. Toboa kwa drili, anza na tundu dogo, jaribu, panua kidogo. Na msitumie msumari wa moto kwenye plastiki, moshi wake ni sumu. Mkitaka ya mianzi, watu wa Mlima Elgon mianzi mnayo, msiimalize yote kwenye maleewa, yale machipukizi ya mianzi mnayokula :)

Anayetaka njia fupi anunue danso ya plastiki, ni filimbi fupi ambayo watoto wa Korea wanafundishwa shuleni na bei yake ni ndogo.

Kuna mtego mmoja wa sikio hapa na unawanasa hasa wale waliokulia kwenye amadinda, marimba ya Waganda. Mtu anasema sisi tuna noti tano, Wachina wana noti tano, basi ni sawa. Si sawa. Mizani ya Buganda inagawa oktava hatua tano zinazokaribia kulingana, lakini ya Kichina ni do re mi so la, yaani hatua tatu fupi na mbili ndefu. Ukipiga kwa sikio la nyumbani, mi yako itakuwa juu, la nayo vilevile. Na Japani ndo mbali zaidi, koto mara nyingi inatyuniwa ikiwa na nusu-toni ndani yake, ile huzuni unayoisikia inatoka humo. Dawa yake ni kuimba kabla ya kupiga, ukiwa na programu ya kutyuni mbele yako.

Kuhusu kusoma muziki, waimbaji wa kwaya mtafurahi. Wachina wanaandika kwa namba, 1 ni do, 2 ni re, hadi 7 ni ti, nukta juu ya namba ni oktava ya juu, nukta chini ni ya chini, mstari chini ya namba unapunguza muda nusu. Kama unasoma solfa ya kanisani umeshamaliza kazi. Ukiona 1=D juu ya karatasi, kwenye erhu uzi wa ndani ni do na wa nje ni so. Ikiwa 1=G, basi wa ndani ni so na wa nje ni re. Mwalimu wa kukukosoa hapa ni adimu, kaulize pale Makerere kwenye Taasisi ya Confucius kama kuna mtu anayepiga.

Guzheng kwa kifupi: nyuzi 21, kila mmoja na kidaraja chake kinachosogezwa, kucha za bandia zimefungwa vidoleni. Mpiga adungu ana vidole vyepesi tayari, ila mkono wa kushoto hapa hauchezi melodi tu, unabonyeza uzi upande wa pili wa kidaraja ili noti ipinde. Gayageum ina 12 na unapiga kwa vidole vitupu, na noti usipoitikisa Mkorea atakuona hujapiga kitu. Koto ina 13. Zote ni ndefu, kusafirisha ni shughuli, na boda hakuna atakayekubali.

Ukitaka kusikia erhu inafika wapi, tafuta rekodi za Abing, kipofu wa Wuxi aliyerekodiwa mwaka 1950 na akafariki mwaka huohuo. Na kwa Korea sikiliza mdundo kabla ya melodi. Mingi inaenda kwa hesabu ya 12 iliyogawanywa tatutatu, kwa hiyo mtu aliyecheza baakisimba, ile ngoma ya Waganda, hatapotea, piga makofi pamoja na janggu (ngoma ya Kikorea) mpaka ujue duru inaanzia wapi, ndo ushike chombo.