Sayansi ya mazingira: kuanzia chuo cha jamii California hadi chuo kikuu

Njia hii, ya kuanza chuo cha jamii (chuo cha umma cha bei nafuu) kisha kuhamia chuo kikuu, nimeipita mwenyewe. Wengi huichukulia ya miaka miwili. Mimi ilinila mitatu, na kilichonichelewesha ni kemia. Kwa mkazi wa jimbo ada ni dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), kwa hiyo pesa si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni mpangilio wa masomo.

Hatua ya 1: Anza na kule unakokwenda. Kabla hujajiandikisha somo lolote, fungua tovuti ya assist.org. Chagua chuo chako, chuo kikuu unachokitaka, na shahada yenyewe. Utaona somo gani la kwako linapokelewa badala ya lipi la kwao. Soma jina la shahada mara mbili: "sayansi ya mazingira" na "masomo ya mazingira" ni vitu viwili tofauti, na ile ya sayansi ndiyo inayodai kemia, bayolojia, hesabu na mara nyingi fizikia. Chapisha karatasi hiyo, nenda nayo kwa mshauri.

Hatua ya 2: Kemia, semesta ya kwanza. Hapa ndipo nilipoumia. Mshauri aliniweka kwenye kemia ya wasiosomea sayansi, nami nikakubali kwa kuwa jina lilifanana. Nilipata A, lakini chuo kikuu hakikuihesabu kwenye shahada yangu. Kemia ni mnyororo: ya kwanza hufungua ya pili, na vyuo vingi havikuruhusu bayolojia ya wanasayansi bila hiyo ya kwanza. Ukichelewa semesta moja, vyote vilivyo nyuma yake vinasogea. Nafasi za maabara nazo ni chache, basi jiandikishe siku ile ile dirisha lako linapofunguliwa.

Na usiikimbie maabara. Nakumbuka titresheni yangu ya kwanza, yaani kupima asidi kwa kudondosha kemikali: bureti (mrija wenye vipimo) mkononi, tone baada ya tone, hadi maji kwenye chupa yakashika waridi hafifu isiyopotea. Tone moja zaidi, rangi inakolea, unaanza upya. Subira hiyo hiyo ndiyo utakayoihitaji siku ukipima asidi ya maji ya mto.

Hatua ya 3: Jaza yuniti. Unahitaji 60 za semesta kabla ya kuhama. Masomo ya jumla yagawe kidogo kidogo kati ya semesta. Usirundike sayansi tatu pamoja. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) asishuke chini ya yuniti 12 kwa semesta bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na somo la mtandaoni linalohesabiwa humo ni moja tu.

Hatua ya 4: TAG, mwezi Septemba. Hii ni dhamana ya kupokelewa, na wanafunzi wa kigeni nao wanaruhusiwa. Vyuo vya mfumo wa University of California (UC) vyenye TAG ni sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unachagua kimoja tu. Vya UC vilivyoko Berkeley, Los Angeles na San Diego havimo. Kumbuka TAG si maombi yenyewe: Oktoba na Novemba lazima utume maombi kamili, la sivyo dhamana inakufa.

Hatua ya 5: Baada ya kukubaliwa. Usiache somo lolote uliloandika kwenye maombi bila kukiarifu chuo kikuu kwanza. Mitihani ya mwisho ikishapita, agiza transkripti (rekodi rasmi ya masomo na alama zako) kutoka kila chuo ulichosoma, hata kile ulichochukua somo moja tu wakati wa kiangazi.